Kusema "nasikia baridi" kwa Kihispania: Anza na Kiswahili, weka Kiingereza pembeni

Umetua Madrid mwezi wa kwanza. Koti ulilochagua mtumbani ulidhani ni zito, kumbe baridi inapita humo humo. Mwenyeji wako anakutazama unavyotetemeka, anakuuliza: "¿Tienes frío?"

Unataka kumjibu kwamba ndiyo, unasikia baridi sana. Kichwani Kiingereza kinawahi kabla ya lugha nyingine zote, unatafsiri neno kwa neno, unajibu: "Sí, soy frío."

Hapo umemwambia kwamba wewe ni mtu mkavu, mtu asiye na hisia.

Wengi tunaojifunza Kihispania kwa simu tunaangukia hapo. Mimi niliangukia zaidi ya mara moja. Sababu ni rahisi: programu nyingi tunazotumia zinapitisha kila kitu kwenye Kiingereza, na kwenye suala la baridi Kiingereza kinakupoteza. Kiswahili chako ndicho kinachokufikisha. Tuone jinsi gani.

Nina njaa, nina kiu, nina baridi

Kwa Kiswahili hakuna anayesema "mimi ni njaa". Tunasema nina njaa. Kihispania kinafanya hivyo hivyo, kwa kitenzi "tener", yaani kuwa na. Angalia:

Tengo hambre: nina njaa
Tengo sed: nina kiu
Tengo sueño: nina usingizi
Tengo prisa: nina haraka
Tengo veinte años: nina miaka 20
Tengo frío: nasikia baridi

Umeona? Baridi imekaa kwenye foleni moja na njaa na kiu. Mkenya anayesema "niko na baridi" tayari amefika. Mtanzania anayesema "nasikia baridi" au "nahisi baridi" abadilishe kidogo tu, afikirie "nina baridi", kisha aseme "tengo frío".

Kwa wengine: "tienes frío" ni wewe unasikia baridi, "tiene frío" ni yeye, "tenemos frío" ni sisi, "tienen frío" ni wao.

Kuna baridi

Ukitaka kusema kuhusu hewa ya nje, sio mwili wako, kitenzi kinabadilika. Kuna baridi ni "hace frío". Neno kwa neno ni kama kusema "inafanya baridi". Usijiulize sana kwa nini, likariri hivyo.

Hace frío hoy: leo kuna baridi
Hizo frío ayer: jana kulikuwa na baridi
Va a hacer frío mañana: kesho kutakuwa na baridi

Kuna mtego mmoja hapa. "Kuna" ya Kiswahili inabeba mambo mengi, lakini Kihispania kinagawa kazi. Kitu unachoweza kukiona kwa macho kinatumia "hay": hay niebla (kuna ukungu), hay nieve (kuna theluji), hay hielo en la calle (kuna barafu barabarani). Baridi huioni, unaisikia kwenye ngozi, kwa hiyo ni "hace frío". "Hay frío" itaeleweka, ila watajua mara moja kwamba wewe ni mgeni.

Chai imepoa, maji ni ya baridi

Kitu ulichokigusa au ulichokionja kinatumia "estar". Hapa neno "frío" linakuwa sifa, na sifa za Kihispania zinafuata jinsia ya neno, kama sifa zetu zinavyofuata ngeli. Kiti kizuri, meza nzuri, gari zuri: wewe umeshazoea mambo haya.

El café está frío: kahawa imepoa
La sopa está fría: supu imepoa
El agua está fría: maji ni ya baridi
Tengo las manos frías: mikono yangu ni ya baridi

Usichanganye hii na ile ya kwanza. Kwenye "tengo frío" na "hace frío" neno halibadiliki kabisa. Mwanamke naye anasema "tengo frío". Asiseme "tengo fría".

Na joto je?

Hili ndilo la kuwa makini nalo zaidi. Umetoka nje kwenye baridi, umeingia sebuleni, hita imewashwa, unataka kusema sasa unasikia joto. Sema "tengo calor". Usiseme "estoy caliente". Watu wengi wanaielewa hiyo kwamba una ashiki. Ukiisema mbele ya mama mwenye nyumba, chai itawapalia wote mezani.

Sana: mucho au muy?

Kiswahili kina "sana" moja tu. Kihispania kina mbili.

Baada ya tengo na hace, tumia "mucho": tengo mucho frío, hace mucho frío. Kwa kitu cha kugusa, tumia "muy": el agua está muy fría.

Njia ya kukumbuka: "mucho" maana yake ni "nyingi". Una baridi nyingi, kuna baridi nyingi. Basi.

Matamshi: hapa tumebahatika

Irabu za Kihispania ni a, e, i, o, u, zile zile tano za Kiswahili, na zinatamkwa karibu sawa. Anayezungumza Kiswahili anaanza mbele ya wengi. Mambo machache tu ya kushika:

Herufi h haisikiki. "Hielo" (barafu) ni YE-lo. "Helada" ni e-LA-da.

"Hace" sehemu kubwa ya Uhispania ni A-the, yenye th ya "thamani". Amerika ya Kusini, Mexico na Visiwa vya Canary ni A-se. Zote ni sahihi.

Herufi j ni kh, ile ya "Khamisi". "Bajo cero" (chini ya sifuri) ni BA-kho THE-ro, au BA-kho SE-ro.

Herufi ñ ni ny ya "nyama". "Sueño" ni SWE-nyo.

Herufi v inatamkwa kama b. "Nieva" (theluji inaanguka) ni NYE-ba.

"Frío" yenyewe ni FRI-o. Alama juu ya í inakuambia ukazie hapo, na kwa kuwa Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, mdomo wako utapaweka hapo wenyewe.

Baridi haziko sawa

Kwetu kuna baridi ya Dar mwezi wa saba, ambayo watu wa Makete wanaicheka, na kuna baridi yenyewe. Kihispania nacho kina ngazi zake.

Hace fresco: kuna kibaridi, sweta inatosha
Hace frío: kuna baridi
Hace un frío que pela: baridi ya kumenya ngozi
Estoy helado, au estoy helada kwa mwanamke: nimeganda
Me muero de frío: nakufa kwa baridi

Hiyo ya mwisho haihitaji maelezo, tunaisema hivyo hivyo. Pale Waswahili wanaposema malaika wamesimama, wenzetu wanasema "piel de gallina", ngozi ya kuku. Ukimwangalia kuku aliyenyonyolewa utaelewa.

Kuna pia jina la mtu ambaye wenzake wamevaa fulana na yeye amejifunika blanketi. Uhispania anaitwa "friolero" au "friolera". Amerika ya Kusini na Mexico ni "friolento" au "friolenta". Ukisema "soy muy friolero, vengo de Mombasa", watacheka na watakuelewa. Hapa "soy" ni sahihi, kwa sababu unaeleza tabia ya mwili wako.

Kusoma taarifa ya hali ya hewa

Uhispania inapima kwa selsiasi kama sisi, kwa hiyo namba hazitakusumbua.

¿A cuántos grados estamos? Tuko nyuzi ngapi?
Estamos a tres grados: tuko nyuzi 3
Estamos a cinco bajo cero: tuko nyuzi 5 chini ya sifuri

Maneno ya kutafuta kwenye simu kabla hujatoka: "nevada" (kuanguka kwa theluji), "helada" (umande ulioganda, ule ambao watu wa Njombe wanaujua), "ola de frío" (wimbi la baridi) na "aviso" (tahadhari). Idara ya hali ya hewa ya Uhispania, AEMET, inatoa tahadhari kwa rangi: amarillo ni njano, naranja ni rangi ya chungwa, rojo ni nyekundu. Ukiona rojo, kaa ndani.

Sio mzaha. Mwezi Januari 2021 dhoruba iliyopewa jina la Filomena iliifunika Madrid kwa theluji, sehemu nyingine karibu nusu mita. Uwanja wa ndege wa Barajas ulifungwa. Baada ya theluji ikaja baridi kali, na katika eneo la Molina de Aragón, mashariki mwa Madrid, kipimo kilishuka chini ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Eneo hilo pamoja na Teruel na Calamocha huitwa pembetatu ya barafu.

Kwa hiyo ile picha ya Uhispania ya ufukwe na jua ni nusu tu ya habari. Valencia, ambako Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni yake ya kwanza Desemba 2022 na kumaliza kwa saa 2:01:53, iko pwani na baridi yake ni ya kiasi. Burgos, Soria na Ávila ziko juu, bara. Ukiambiwa kazi au chuo kiko huko, nunua koti la maana.

Wahispania wana msemo: "Hasta el cuarenta de mayo no te quites el sayo." Hadi tarehe 40 ya Mei usivue joho lako. Mei haina siku 40, ndiyo. Wanahesabu mpaka tarehe 9 Juni, maana baridi inaweza kurudi wakati umeshaanika sweta zako.

Nguo: jina linabadilika ukivuka mpaka

Abrigo ni koti zito. Bufanda ni skafu. Guantes ni glovu. Gorro ni kofia ya sufu. Calcetines ni soksi. Hizi zitakusaidia karibu kila mahali. Tatizo liko kwenye vitu viwili.

Sweta: Uhispania ni "jersey" (kher-SEI). Mexico ni "suéter". Peru, Bolivia na Ecuador ni "chompa". Chile ni "chaleco", na neno hilo hilo Uhispania ni kizibao kisicho na mikono.

Blanketi: Uhispania ni "manta". Mexico na Colombia ni "cobija". Argentina, Chile na Peru utasikia "frazada".

Na kuna "estufa". Uhispania ni hita ya kupasha chumba joto. Mexico ni jiko la kupikia. Ukiwa Mexico ukaomba estufa kwa sababu ya baridi, utaonyeshwa jikoni. Mfumo wa kupasha nyumba nzima joto unaitwa "calefacción".

Ukienda Amerika ya Kusini

Mambo matatu ya kujua.

Kwanza, majira. Argentina na Chile zina baridi kuanzia Juni hadi Agosti, wakati sisi tuko kwenye kipupwe. Usifungashe koti la Desemba kwa kufuata filamu. Desemba Buenos Aires ni joto.

Pili, milima. Bogotá iko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, Quito karibu 2,850, La Paz karibu 3,600. Ikweta iko jirani lakini baridi ipo mwaka mzima, kama mtu wa Limuru anavyojua. Huko neno "invierno", ambalo kitabuni ni majira ya baridi, Wakolombia na Waekuado wengi hulitumia kwa msimu wa mvua, na "verano" kwa kiangazi. Mtu akikuambia invierno imeanza, chukua mwavuli. Ni masika yao. Na baridi ikimgusa ghafla, Muekuado wa milimani anapiga ukelele "¡achachay!", neno lililotoka Kikichwa, lugha ya wenyeji wa huko.

Tatu, heshima. "¿Tienes frío?" ni ya rafiki au mtu wa rika lako. Kwa mtu ambaye nyumbani ungemwamkia shikamoo, sema "¿Tiene usted frío?" Argentina marafiki husema "¿Tenés frío?" Usishtuke, hajakosea. Ndivyo wanavyosema.

Mafua, homa na kosa lisilo la kuchekesha

Makosa ya huko juu yanaishia kwenye kicheko. Haya hayaishii hapo.

Uhispania mtu akisema "estoy constipado" ana mafua. Sio choo kigumu, ingawa Kiingereza kitakunong'oneza hivyo. Choo kigumu ni "estreñido". Njia salama ya kusema una mafua, nchi zote, ni "estoy resfriado", au "estoy resfriada" kwa mwanamke.

Sasa lile zito. Kutetemeka kwa homa ni "escalofríos" (es-ka-lo-FRI-os). Mtu aliyetoka Afrika Mashariki wiki mbili zilizopita, akaanza kutetemeka mwezi wa kwanza, ni rahisi kudhani ni baridi tu au mafua. Akimwambia daktari "tengo frío", daktari atasikia kile kile anachosikia kwa wagonjwa wote wakati wa baridi. Inaweza kuwa malaria, na homa yake inaweza kuanza wiki kadhaa baada ya kusafiri.

Uhispania ilitangazwa kuwa haina malaria mwaka 1964. Daktari wa huko haioni kila siku kama wa Kisumu au Mwanza. Taarifa muhimu kuliko zote ni kwamba umetoka wapi na lini. Usisubiri uulizwe. Sema:

Tengo fiebre y escalofríos: nina homa na ninatetemeka
He llegado de Tanzania hace dos semanas: nimefika kutoka Tanzania wiki mbili zilizopita
¿Me pueden hacer la prueba de la malaria? Mnaweza kunipima malaria?

Badilisha nchi na muda kulingana na safari yako: Kenia, Uganda, Ruanda, Burundi, el Congo. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini malaria huitwa pia "paludismo". Idara ya dharura hospitalini ni "urgencias", na namba ya simu ya dharura Uhispania ni 112.

Sentensi kumi za kuhifadhi

Piga skrinishoti hapa, ukae nazo hata bila bando.

1. Tengo mucho frío. Nasikia baridi sana.
2. Hace mucho frío. Kuna baridi sana.
3. ¡Qué frío! Baridi hii jamani!
4. El agua está muy fría. Maji ni ya baridi mno.
5. Tengo los pies helados. Miguu imeganda.
6. ¿Me puede dar otra manta? Unaweza kunipa blanketi lingine?
7. No funciona la calefacción. Hita ya nyumba haifanyi kazi.
8. Cierra la puerta, que entra frío. Funga mlango, baridi inaingia.
9. Ya no tengo frío, gracias. Sasa sisikii baridi tena, asante.
10. Tengo fiebre y escalofríos. Nina homa na ninatetemeka.

Na ukisikia mama wa nyumba anakuita mlangoni "¡Abrígate!", usiogope, hakugombezi. Anakuambia uvae vizuri. Rudi ukachukue skafu.